Kanuni Isiyo na Mbuzi

Kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia, vijana wa ushirika wetu hunitafuta. Wanataka niwasimulie jinsi sisi wa zamani tulivyojiandaa kuwapokea wanafunzi wapya, ili nao wajue la kufanya. Huwapa habari za majani ya kuezekea, za mazoezi ya nyimbo, za kwenda stesheni kumpokea mgeni na kumbebea sanduku lake la bati. Wanacheka, wanaandika kwenye vidaftari vyao, wanaondoka wamefurahi. Nikibaki peke yangu najiona mwongo, maana mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule nisiowatajia. Sasa nimezeeka, na sioni tena ninamficha nani, kwa hiyo nauandika.

Chuo chetu kilikuwa cha misheni, cha kufundisha walimu, chini ya vilima vya mawe upande wa Shinyanga. Ukitoka mjini kwa miguu alfajiri ulifika kabla jua halijawa kali. Reli ilikuwa imefika miaka michache tu nyuma, na watu bado walikwenda stesheni kulitazama gari moshi bila kuwa na safari yoyote. Sisi hatukuwa watoto. Wengi tulikuwa na ndevu, na baadhi yetu tulikuwa tumeoa, kwa kuwa Bwana Misheni, Mzungu mkuu wa chuo, alitaka kila mwalimu aende kazini na mke anayejua kusoma na kushona. Waliooa walipewa vijumba vya udongo nyuma ya ua wa minyaa, safu moja, mlango ukitazama mlango.

Ndani ya chuo kulikuwa na Chama cha Sala. Kilikuwa chetu wenyewe wanafunzi, na kichwa kilituvimba kwa sababu hiyo. Kila Desemba, wakati wengine wako kwao wanalima, viongozi wa chama tulirudi mapema wiki mbili ili kuandaa mwaka. Tuliezeka nyumba ya sala, tukachagua nyimbo, tukampangia kila mgeni kaka wa kumwongoza, kisha tukaandika kanuni za mwaka kwenye karatasi moja kubwa iliyobandikwa mlangoni. Bwana alizisoma, akatia sahihi, basi.

Mimi nilikuwa mwandishi wa chama. Rafiki yangu alikuwa mwimbishaji. Mwaka wa kwanza tulilala chini ya blanketi moja, na yeye ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya nne bila kupotea. Alikuwa mtu wa Kishapu, mrefu, mcheshi, na akianzisha wimbo hata wapishi walitoka jikoni. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Hayo ndiyo yaliyokuwa mali yetu. Mwaka ule mpya Bwana angemteua mwenyekiti wa chama, na kila mtu alijua kwamba majina ni mawili tu, lake na langu. Nilimpenda rafiki yangu na nilitamani asirudi. Siyo kwamba nilijua hivyo wakati ule. Nimekuja kujua baadaye, na sijapata wa kumlaumu kwa kuchelewa huko.

Desemba hiyo hakuja mapema. Alituma salamu kwamba mkewe amejifungua mapacha, wa kike wote wawili, na kwamba watafika vitovu vikishadondoka. Tulishukuru Mungu kwa sauti. Mke wangu, ambaye alikuwa shoga wa mkewe, aliisiriba nyumba yao kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akapanga mafiga matatu, akaweka na mzigo wa kuni kavu ndani ili mvua ikija isizikute nje. Mimi na wenzangu wawili tuliezeka paa. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa leo mzee wa kawaida.

Siku chache kabla ya Krismasi alifika mwanachama mwenzetu aliyetoka upande huohuo wa Kishapu, akatueleza jambo kwa sauti ya chini. Mapacha walikuwa wamechezewa ngoma.

Mtu asiye wa kwetu huenda asielewe uzito wake. Usukumani mapacha walikuwa mzigo kwa nchi nzima. Wazazi wao walipaswa kuchezewa ngoma yao, yenye nyimbo za matusi ambazo siku nyingine usingethubutu kuziimba mbele ya mkweo, na watu walinyunyiziwa dawa na unga. Bila ngoma, iliaminika mvua itakataa, na hakuna jirani ambaye angekanyaga nyumba hiyo. Misheni iliikataza ngoma ile kuliko zote, kwa sababu ya matusi na kwa sababu ya dawa. Na mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa kweli. Ng'ombe walikuwa wanasukumana kwenye visima vikavu.

"Yeye mwenyewe alikuwepo?" nikauliza.

"Alikuwepo. Alipakwa unga usoni. Na aliimba," akasema yule mwenzetu. Kisha akaongeza, kama mtu anayesikitika, "Unajua mwenyewe alivyo na sauti."

Tulikutana katika nyumba ya sala, ambayo ilikuwa imeezekwa nusu. Tulikuwa saba. Tulikasirika, na hasira yetu ilikuwa na woga ndani yake. Wageni walikuwa wanakuja, wengine wao wametoka kwenye vijiji ambako Mkristo ni mmoja, na mtu watakayemwona amesimama mbele akiwaimbisha ni huyo aliyepakwa unga. Mmoja akasema tumwambie Bwana. Mwingine akasema Bwana atamfukuza chuo, na hilo ni kubwa mno. Hapo ndipo mimi niliposema kwamba ninayo dawa.

Baba yangu, kule Tinde, alikuwa mkubwa wa vijana wa kijiji. Vijana wa kwetu walilima pamoja kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho, na mkubwa wao alikuwa na nguvu ambayo hata mjumbe wa mtemi, chifu wetu, aliiheshimu. Mtu akiwakosea, akikwepa zamu au akitukana wazee, vijana walimsusia. Kususiwa kwa kwetu hakukuwa kununiwa tu. Hasalimiwi, wala salamu yake haiitikiwi. Mkewe haongozani na wenzake kisimani. Hapewi moto. Akifiwa, anachimba mwenyewe. Niliwaeleza wenzangu mambo ambayo wote waliyajua tangu utotoni, na nilipokuwa nikieleza niliona macho yao yakitulia, kwani hatimaye kulikuwa na kitu tunachoweza kukifanya kwa mikono yetu.

Aliyekuwa mkubwa kwetu kwa umri, mtu aliyechunga ng'ombe hadi alipoota ndevu ndipo akashika kitabu, akaniuliza, "Na mbuzi?"

Mbuzi ndiye aliyekuwa mwisho wa jambo. Aliyesusiwa, akichoka, alileta mbuzi. Hakuulizwa maneno mengi. Mbuzi alichinjwa, wote waliomsusia wakala naye palepale, hakuna aliyeruhusiwa kukosa, na kesho yake asubuhi mtu huyo aliamkiwa kama kawaida na mkewe akaitwa kisimani. Nimemwona baba yangu akila nyama hiyo na mtu aliyemtukana matusi ya nguoni. Walilambana mafuta vidoleni kwa utani.

"Mbuzi ni mambo ya tambiko," nikasema. "Sisi hatumwagi damu kwa ajili ya dhambi ya mtu. Atasimama mbele ya wote, aseme alitenda dhambi, yaishe."

Yule mzee wetu alikuna kidevu. Nikaiandika. Niliiandika vizuri, herufi zimesimama wima, kwamba mwanachama atakayeshiriki ngoma za kipagani atatengwa na wote hadi atakapokiri hadharani. Niliandika "atatengwa". Sikuandika moto wala maji wala kaburi, kwa sababu sisi saba tulijua maana yake. Bwana alipoisoma alivua miwani akaifuta. Akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba Kanisa la kwanza lilifanya vivyo hivyo, na kwamba anaona tumekua. Akatia sahihi. Alidhani tumeitoa kwenye Nyaraka za Mitume. Mimi nilisimama mbele yake nikiwa nimefunga mikono nyuma, nikamwacha adhani.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, majani ya kumalizia nyumba ya sala yalipungua. Tuliyatoa kwenye paa la nyumba ya rafiki yangu.

Alifika wiki ya kwanza ya Januari, na mvua ilikuwa imefika kabla yake kwa siku moja. Walikuwa wametembea kutoka Kishapu. Udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umewaganda miguuni hadi magotini. Yeye alibeba mtoto mmoja kifuani ndani ya kanzu yake, mkewe alibeba mwingine mgongoni, na kichwani alikuwa na kapu la michembe, viazi vikavu vya kula mwezi mzima. Mimi nilikuwa njiani na wageni watatu niliotoka kuwapokea stesheni. Nilikuwa nimebeba sanduku la mmoja wao.

"Mwadila," akaniamkia kwa Kisukuma, akicheka, akimfunua mtoto usoni ili nimwone.

Sikuitikia. Nikampita ubavuni, na wageni wangu watatu wakapita nyuma yangu. Nilisikia kicheko chake kikiisha, hakikukatika, kiliisha tu kidogo kidogo.

Jioni ile, kabla ya jua kuzama, aliitwa mbele ya chama. Mkewe alikuja pia, akasimama mlangoni na watoto. Nilisoma kanuni. Nikamwuliza kama alicheza.

"Nilicheza."

"Uliimba?"

"Niliimba. Mke wangu alikuwa ndani anatoka damu. Mama yake amesimama uani, shangazi zake wamesimama uani, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuingia kabla ngoma haijachezwa. Nikaimba mpaka wakaingia."

Watu walitazama chini. Kama tungekuwa na akili tungeishia pale. Nikasema, "Basi kiri kwamba ulitenda dhambi, tuyamalize."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hakuwa mkaidi. Akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi. "Nikisema hivyo mbele yake, nitakuwa nimemwambia kwamba ingefaa nimwache afe. Siwezi kulisema hilo. Lakini haya mnayoyafanya nayajua. Niambieni nilete mbuzi, nitaleta kesho."

"Mbuzi hakuna," nikasema.

"Mbuzi hakuna?" Alisema kama mtu anayeulizia njia. "Basi mmeitoa wapi hii mnayoifanya?"

Tukaimba wimbo wa kufungia. Mimi niliuanzisha, chini mno, na sauti za chini zikashindwa kuufuata.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuondoka palepale. Mkewe hakuweza kurudi njia ile. Tena Bwana alikuwa amemwita akamwambia kwa upole kwamba kutengwa kwake ni kwa chama tu, darasani aendelee. Kwa Bwana ilikuwa ni kukosa kiti katika nyumba ya sala. Basi alikuja darasani kila siku, akakaa kwenye benchi ambalo wenzake walikuwa wamelihama, na mwalimu alipouliza swali yeye alijibu vizuri kama zamani, na darasa zima likawa kama halijasikia kitu.

Nyuma ya ua wa minyaa mambo yalikuwa mengine. Wakati wa mvua, katika safu ile, moto ulitunzwa nyumba moja au mbili, na wengine wote walikwenda kuuomba asubuhi, kaa mbili tatu kwenye kigae cha chungu. Viberiti vilikuwa mjini madukani na jikoni kwa Bwana. Paa lao lilivuja mahali tulipotoa majani. Kuni alizoziweka mke wangu zililowa, na siku ya tatu moto waliokuja nao kwenye chungu ukazimika. Nilimwona mke wa rafiki yangu akitoka na kigae, akisimama mlango wa kwanza, akasema hodi. Akasimama mlango wa pili. Hakugombana wala hakulia. Alifika hadi mwisho wa safu, akageuka, akarudi na kigae chake kitupu, na watoto wanasikika ndani.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mke wangu anatoka na kigae amekifunika kwa upindo wa kanga. Moshi ulikuwa unatoka pembeni.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

Nikamwambia kwamba mke wa mwandishi hawezi kuwa wa kwanza kuvunja kanuni, kwamba wageni wanatutazama. Alikuwa ananiita Mwalimu kwa utani, kwa vile nilikuwa bado sijawa. "Mwalimu," akasema, "huu moto nimeuwasha mimi. Siyo wa chama."

Nilimnyang'anya kigae nikamwaga makaa kwenye tope. Yalitoa sauti, yakawa meusi. Yeye aliyatazama mpaka yakaisha kutoa moshi, kisha akaingia ndani. Hakuniita Mwalimu tena, hata nilipopata cheti.

Wiki ya pili Bwana alisafiri kwenda kukagua shule za kando ya ziwa. Rafiki yangu alikuwa ameanza kupata moto kutoka mjini. Muuza chumvi mmoja, Mwislamu mwenye asili ya pwani, alimpa kiberiti alipoona anavyokunja uso mbele ya duka, na hakumwuliza habari za chama. Lakini mtoto mmoja alikuwa ameshashikwa na kifua. Tulimsikia akikohoa. Nyumba zilikuwa zimekaribiana, huwezi kusema hukusikia. Sisemi kwamba moto wetu ungemponya, watoto walikufa sana siku zile hata kwenye nyumba zenye moto. Nasema hatukuutoa.

Alikufa siku ya Jumamosi kabla ya adhuhuri. Tulikuwa katika nyumba ya sala, tunawafundisha wageni wimbo watakaouimba kesho yake kwenye ibada ya kukaribishwa kwao. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika nafasi yake. Akaja akasimama mlangoni, mahali mkewe aliposimama ile jioni.

"Mtoto amefariki," akasema. "Naomba jembe na mtu mmoja wa kunisaidia."

Mkono wangu ulikuwa juu. Wageni walikuwa wananitazama mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa ninawaongoza na ndiye niliyekuwa nimewasomea kanuni. Ningeweza kuushusha. Hakikuwa kitu kizito, kilikuwa mkono. Nikawapigia ubeti wa pili, nao wakauimba.

Alisubiri hadi ubeti ulipokwisha, labda kwa heshima ya wimbo, maana ndivyo alivyokuwa. Kisha akaondoka. Alichimba peke yake kwa kijembe cha bustani cha mkewe, kwenye udongo mweusi unaonata, upande wa pili wa kijito. Mke wa muuza chumvi alikuja kutoka mjini na kipande cha bafta nyeupe, akamwosha mtoto, akamvika, akamshika mama yake mkono mpaka kaburini. Wakati wa kurudi alipita kando ya ua wetu, akatukuta tumesimama pale bila kazi. "Na nyinyi humo ndani mnamwomba nani?" akauliza. Akaenda zake.

Jumatatu nyumba ilikuwa wazi. Walikuwa wamekwenda magharibi, upande wa Geita, ambako watu walianza kusema dhahabu imeonekana na kazi ipo kwa kila mwenye mikono. Bwana aliporudi aliuliza yuko wapi. Nikamjibu kwamba amekwenda kutafuta dhahabu. Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Bwana alitikisa kichwa. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya tamaa ya mali, akatusifu sisi tuliobaki, na baada ya ibada akanitangaza kuwa mwenyekiti. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Nilisimama, nikashukuru, nikakaa.

Kanuni ilidumu mwaka mmoja na nusu. Wale wageni tuliowaandaa waliishika vizuri kuliko sisi. Walimsusia mtu kwa kuvuta tumbaku, wakamsusia mwingine kwa kuchelewa sala, na kwa kuwa hakukuwa na mbuzi, kila aliyesusiwa aliondoka. Ndipo mpishi wa Bwana alipomweleza maana ya jambo hili. Bwana aliibandua karatasi mlangoni yeye mwenyewe, akaja nayo kwangu. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Nikamwambia nilidhani anajua. Tulisimama pale wawili, kila mmoja akiwa na sehemu yake, na wala hakuna aliyemtaja yule tuliyemfukuza kwanza.

Nilipomaliza nilipelekwa kufundisha Masumbwe, ambako wachimbaji walipita wakienda na kurudi. Miaka ikapita. Siku moja mchimbaji aliyepumzika barazani kwangu alianza kuimba, sauti ya nne, na aliimba kwa namna ile niliyofundishwa mimi chini ya lile blanketi. Nikamwuliza amejifunzia wapi. Akasema kambini kwao Geita kuna mtu anayewakusanya Jumapili baada ya zamu, wa dini zote, akawaimbisha tu. Ana mke na binti mmoja.

Wiki ile nilimtoa mbuzi zizini kwangu, beberu mweupe, mnene, nikamfunga kamba. Mke wangu alinitazama kutoka mlangoni. "Umechelewa," akasema. "Lakini nenda." Nilitembea siku tatu. Njiani nilipanga maneno yangu, nikayapangua, nikayapanga upya.

Kambi ilikuwa mistari ya vibanda vya nyasi na mabati chakavu. Aliyenipokea mlangoni alikuwa binti wa miaka saba hivi. Akapiga goti, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, na usoni mwake nilikuwa naiangalia sura ya pacha wake. Mama yake akatoka nyuma akijifuta mikono. Alinitambua mara moja. Akamtazama mbuzi.

"Wa nini?"

Nilisahau yote niliyoyapanga. Nikasema nimekuja kumaliza.

"Kwetu anayeleta mbuzi ni aliyesusiwa," akasema. "Wewe nani amekususia?"

Kisha akauliza, "Wenzako wako wapi?"

Nikamwambia. Mmoja ni mchungaji, yuko mbali. Mmoja karani wa pamba. Yule mzee wetu amekufa. Wengine sijui walipo.

"Mbuzi wa kususa huliwa na wote waliosusa, hakuna anayekosa. Baba yako alikuwa mkubwa wa vijana, unajua."

"Najua, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi mrudishe. Siku mtakapokuwa wote, mje naye."

Aliingia ndani, akatoka na kata ya maji, akanipa kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni yeyote. Nikanywa. Nikamwomba nimngoje mumewe atoke zamu. Akatikisa kichwa. "Yaya, hapana. Akitoka huko chini huwa anaimba na watu. Usimharibie." Akaipokea kata, akaikung'uta maji yaliyobaki, akamwita binti ndani.

Nikamfungua mbuzi, tukarudi njia ileile hadi Masumbwe, siku tatu nyingine. Alikuwa mbuzi mzuri, na kila niliyekutana naye aliniuliza nampeleka kwenye sherehe gani.